Risasi Moja, Madaktari Wengi: Tathmini ya Kitabu cha Candice Millard Kuhusu Kifo cha Rais Garfield

James Abram Garfield, Rais wa 20 wa Marekani, alipigwa risasi asubuhi ya Julai 2, 1881, katika stesheni ya treni jijini Washington, akafariki dunia usiku wa Septemba 19 mwaka huohuo. Kati ya tarehe hizo mbili zimo siku 79. Vitabu vingi vya historia huzipita siku hizo kwa sentensi moja au mbili, lakini Candice Millard, mwandishi Mmarekani ambaye hapo awali alikuwa mhariri katika jarida la National Geographic, amezifanya kuwa kiini cha kitabu chake Destiny of the Republic, kilichotoka mwaka 2011.

Wasomaji kadhaa wa hapa Mwanza wamemfahamu mwandishi huyu kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 2022 alitoa River of the Gods, kitabu kinachosimulia safari za wapelelezi Waingereza Burton na Speke pamoja na kiongozi wao wa njia Sidi Mubarak Bombay katika kutafuta chanzo cha mto Nile, na kwa kuwa Speke aliliona ziwa letu kwa mara ya kwanza akiwa huku Mwanza, Agosti 3, 1858, kitabu hicho kilizungumziwa sana miongoni mwa walimu wenzangu wa historia. Mimi nilipokimaliza nilitaka kujua mwandishi huyu anafanya nini anapoandika habari za kwao. Nakala ya kitabu cha Garfield niliagiza kwa muuza vitabu wa Dar es Salaam, akanitumia kwa basi, nikaichukua stendi ya Nyegezi. Nasema haya kwa faida ya atakayeuliza kitabu kinapatikana wapi, maana katika maduka ya mjini niliyoulizia sikukiona.

Kitabu kinaanzia majini. Usiku wa Juni 11, 1880, meli ya abiria iitwayo Stonington iligongana na meli nyingine ndani ya ukungu mzito karibu na pwani ya Connecticut. Meli ile nyingine iliwaka moto na watu wake wengi wakafa, ilhali Stonington ilirudi bandarini. Mmoja wa abiria walionusurika, Charles Guiteau, aliamini kwamba Mungu amemwokoa kwa sababu ana kazi kubwa ya kumpa. Yeyote aliyekuwa Mwanza Mei 21, 1996, siku MV Bukoba ilipozama, atazisoma kurasa hizo kwa uzito ambao mwandishi mwenyewe hakuweza kuukusudia. Tunawajua watu walionusurika siku ile. Tunajua pia kwamba swali la kwa nini nimebaki mimi linaweza kumfanya mtu awe mnyenyekevu maisha yake yote, na kwa Guiteau lilifanya kinyume chake.

Baada ya hapo Millard anageukia Maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, na hapo ndipo ustadi wake unapoanza kuonekana. Katika maonyesho hayo Garfield alikuwa mtazamaji tu, mbunge aliyekuja na familia yake. Alexander Graham Bell, mwalimu wa viziwi, alikuwa na chombo chake kipya cha simu ambacho hakuna aliyekijali hadi Dom Pedro wa Pili, mfalme wa Brazil, alipomtambua Bell na kusimama kukisikiliza. Naye Joseph Lister, daktari mpasuaji kutoka Uingereza, alifika mwaka huohuo kuwaeleza madaktari wa Marekani kwamba vidonda huoza kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba mikono na vifaa vya upasuaji vikisafishwa kwa asidi ya kaboliki wagonjwa wengi hupona. Walimsikiliza kwa adabu, kisha wengi wao wakarudi makwao kuendelea kama zamani. Msomaji anayeujua mwisho wa hadithi anaiona mitego yote ikitegwa miaka mitano kabla ya risasi kulia.

Maisha ya Garfield mwenyewe yameandikwa kwa mapenzi, pengine mapenzi ya kupita kiasi, na nitalirudia jambo hilo. Alizaliwa mwaka 1831 Ohio katika nyumba ya magogo, baba yake akafa yeye akiwa bado mchanga, mama akabaki na watoto na shamba. Akiwa kijana alifanya kazi kwenye mashua za mfereji, akatumbukia majini na nusura azame, kisha malaria ikamlaza kitandani kwa muda mrefu. Chuoni alilipia masomo kwa kazi ya usafi na useremala, na akiwa na umri wa miaka 26 alikuwa ndiye mkuu wa chuo hichohicho. Alikuwa jenerali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1876, akiwa mbunge, alichapisha uthibitisho wake mwenyewe wa kanuni ya Pythagoras. Walimu wa hisabati wanaosoma hapa wanisamehe, uthibitisho wenyewe niliutazama mara mbili ndipo nikauelewa.

Urais haukuwa ombi lake. Katika mkutano mkuu wa chama cha Republican uliofanyika Chicago Juni 1880, Garfield alikwenda kumpigia debe John Sherman. Chama kilikuwa kimegawanyika kati ya waliotaka Ulysses Grant arudi kwa muhula wa tatu na waliokuwa wakimtaka James Blaine. Kura zikapigwa duru baada ya duru bila mshindi, na ghafla wajumbe wachache wakaanza kumpigia mtu ambaye hakugombea. Garfield alisimama kupinga jina lake kutajwa bila ridhaa yake, mwenyekiti akamkatiza na kumwamuru akae chini. Katika duru ya 36 akawa mgombea. Millard ameisimulia siku hiyo kwa mwendo wa mtangazaji wa mpira, na ni moja ya sura zinazosomeka kwa raha kubwa kuliko zote kitabuni.

Sasa turudi kwa Guiteau, kwa sababu hapa msomaji wa Tanzania atatabasamu bila kupenda. Guiteau alikuwa ameshindwa kila kitu: uwakili, uhubiri, biashara ya kudai madeni ya watu, hata maisha ya jumuiya moja ya kidini ambako wanawake walimkwepa. Aliishi kwa kuhama nyumba za wageni usiku ili asilipe kodi. Wakati wa kampeni aliandika hotuba moja ya kumsifu Garfield, hotuba ambayo karibu hakuna aliyeijali, na Garfield aliposhinda, Guiteau akaamini kwamba ni hotuba ile iliyompa ushindi na kwamba zawadi yake ni uwakilishi wa Marekani jijini Paris. Akahamia Washington. Akawa anakaa katika chumba cha kungojea cha Ikulu, anaandika barua kwa karatasi za Ikulu hiyohiyo, anamvizia Waziri wa Mambo ya Nje kwenye korido. Kwa maneno yetu ya siku hizi, alikuwa akisubiri mkeka. Hakuwa peke yake, kwani wakati huo kazi za serikali ya Marekani ziligawiwa kama shukrani kwa wapiga debe, na Rais alitumia saa nyingi za siku yake akipokea msururu wa waombaji. Blaine, ambaye wakati huo ndiye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, hatimaye alichoka na kumkataza Guiteau asimtajie tena habari za Paris maishani mwake. Siku chache baadaye, kwa maelezo ya Guiteau mwenyewe, Mungu alimwagiza amwondoe Rais.

Ukisikia mauaji ya kisiasa katika nchi hii, akili yako inakwenda moja kwa moja kwenye njama: Lumumba Januari 1961, Mondlane aliyelipukiwa na bomu la kifurushi jijini Dar es Salaam Februari 3, 1969, Mzee Karume Aprili 7, 1972. Kwa hiyo unaanza kusoma ukitafuta nani alimtuma Guiteau. Hakuna aliyemtuma. Alikopa fedha, akachagua bastola yenye mpini wa pembe za ndovu badala ya ile ya mpini wa mbao kwa sababu aliona ya pembe itapendeza zaidi siku itakapowekwa makumbusho, akaenda kuliangalia gereza ambamo alijua atafungwa. Mara moja aliahirisha kwa kuwa mke wa Rais, Lucretia, aliyekuwa ndiyo kwanza ameinuka kutoka kwenye malaria, alikuwa amemshika mumewe mkono, na Guiteau hakutaka kumwumiza mama yule. Rais hakuwa na mlinzi hata mmoja. Wamarekani waliamini kwamba kuuawa kwa Lincoln mwaka 1865 lilikuwa jambo la vita, lisilojirudia wakati wa amani, na idara yao ya usalama iliyokuwapo ilishughulika na wachapishaji wa noti bandia.

Risasi mbili zilipigwa. Moja ilimchubua mkono, nyingine ikamwingia mgongoni, ikatoboa pingili moja ya uti wa mgongo bila kugusa ugwe mgongo uliomo ndani yake wala kiungo chochote ambacho kingemwua papo hapo. Na hapa, karibu na katikati ya kitabu, ndipo mwandishi anapoanza kazi yake hasa.

Rais alilazwa kwenye sakafu ya stesheni, kisha akapandishwa ghorofani juu ya godoro. Madaktari wakaanza kufika. Robert Lincoln, mtoto wa Rais Lincoln, ambaye alikuwa Waziri wa Vita na alikuwapo stesheni siku hiyo, alimwita daktari mmoja aliyemjua, Willard Bliss. Bliss aliingiza kidole chake ndani ya kidonda, kidole ambacho hakikunawishwa, kisha akaingiza fimbo ya chuma kutafuta risasi, kisha kidole tena. Miongoni mwa waliokuwa chumbani humo alikuwa Charles Purvis, mmoja wa madaktari weusi wa kwanza kupata elimu ya chuo kikuu nchini mwao. Purvis alimwomba Bliss aache. Bliss hakumjali.

Nilimsomea wifi yangu kurasa hizo. Yeye ni muuguzi wa wadi ya upasuaji, na kitabu cha Kiingereza chenye kurasa zaidi ya 300 asingekigusa kwa hiari yake, lakini aliacha kumenya viazi. "Wifi, subiri kwanza," akaniambia. "Hakunawa kabisa? Hata maji matupu?" Nikamjibu kwamba kwa maelezo ya kitabu hakunawa. Akauliza kama kidonda kilifungwa au kilikuwa kikifunguliwa kila siku, usaha ulikuwa wa rangi gani, na homa ilipanda saa ngapi. Cha kushangaza ni kwamba kitabu kina majibu ya karibu maswali yake yote, kwa sababu madaktari walikuwa wakitoa taarifa kwa magazeti kila siku na Millard amezisoma kwa makini. Nilipofika mahali ambapo Bliss anawatangazia waandishi kwamba usaha unaotoka ni dalili ya kupona, wifi alirudi kwenye viazi vyake na kusema, "Huyo mgonjwa wameshamwua, wanangoja tu siku."

Ubora wa kitabu hiki, kwa maoni yangu, uko katika kumweka Bliss na Guiteau mezani pamoja bila kuwalinganisha kwa maneno. Kila mmoja wao alimwona Rais kama ngazi ya kumfikisha kwenye jina kubwa. Bliss aliwafukuza madaktari wengine, hata daktari wa familia, na Susan Edson, mwanamke aliyekuwa daktari kamili wa Bi. Lucretia, akaruhusiwa kubaki kwa kazi za uuguzi tu. Alitangaza kwamba risasi iko upande wa kulia, na kuanzia siku hiyo haikuruhusiwa kuwa kwingine. Bell, ambaye aliacha shughuli zake zote na kutengeneza chombo cha kutambua chuma ndani ya mwili bila kupasua, aliruhusiwa kukipitisha upande wa kulia peke yake. Chombo kikatoa sauti hafifu isiyoeleweka. Baadaye ikabainika kwamba godoro la Rais lilikuwa na nyaya za chuma, jambo ambalo Bell hakuambiwa. Risasi ilikuwa kushoto.

Sura zinazofuata ni za maumivu, na mwandishi hakuzikimbilia wala hakuzipamba. Joto la kiangazi la Washington lilikuwa kali, wahandisi wa jeshi la majini wakaunda mtambo wa feni na barafu wa kupooza chumba cha mgonjwa. Mwanamume aliyekuwa na zaidi ya kilo 90 akabaki na takriban kilo 60. Majipu yakatokea mwilini. Chakula kiliposhindikana kubaki tumboni, walijaribu kumlisha kupitia njia ya haja kubwa. Septemba 6 alipelekwa kwa treni hadi pwani ya Elberon, New Jersey, kwa sababu alitaka kuiona bahari, na usiku wa kuamkia safari hiyo watu wa kujitolea walitandika reli hadi mlangoni mwa nyumba atakayofikia. Injini iliposhindwa kupanda mwinuko wa mwisho, wanaume waliokuwa wamesimama pembeni walikuja wakayasukuma mabehewa kwa mikono. Hapo niliweka kitabu chini kwa muda.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba risasi ilikuwa imetulia nyuma ya kongosho, imezungukwa na utando, haimdhuru tena mtu yeyote. Kilichokuwa kimeenea mwilini ni usaha, ukifuata njia ndefu ambayo risasi haikuipita. Mahakamani Guiteau alidai kwamba yeye alipiga risasi tu na waliomwua Rais ni madaktari. Alitetewa na shemeji yake, George Scoville, mume wa dada yake, ambaye Guiteau alimtukana mbele ya umati kila alipofungua kinywa. Utetezi wa wazimu ulishindwa, na Guiteau akanyongwa Juni 30, 1882. Bliss alidai Bunge limlipe dola 25,000 kwa huduma zake, akaambiwa atapewa 6,500, akazikataa kwa hasira. Millard anayaweka haya kwa ufupi, bila kushangilia, na nadhani alifanya vyema kumwachia msomaji hasira yake.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni Garfield mwenyewe. Mtu anayesimuliwa hapa ni mwema mno: baba bora, msomi, mpenda haki, asiye na tamaa. Kwamba alitetea haki za Wamarekani weusi ni kweli, na kwamba alimteua Frederick Douglass kuwa msajili wa hati za ardhi wa Washington ni kweli pia. Lakini mwanasiasa aliyekaa bungeni karibu miaka 17 hawezi kutoka humo na kanzu nyeupe. Jina lake lilitajwa katika kashfa ya hisa za kampuni ya ujenzi wa reli iitwayo Crédit Mobilier, na mapema katika ndoa yake alikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine. Mambo haya mwandishi anayapita kwa haraka ya mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Ameshindwa kuamini kwamba tungemlilia Garfield hata tungejua yote.

Kasoro ya pili inahusu hukumu ya kitabibu. Kitabu kinamshawishi msomaji kwamba Garfield angepona kama angeachwa tu bila kuguswa, na hoja yake ina nguvu, kwani askari wengi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walizeeka na risasi miilini mwao. Hata hivyo ushawishi huo unakwenda kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi wa maiti moja ya mwaka 1881 unavyoweza kubeba. Lister alikuwa ameanza kuchapisha matokeo yake mwaka 1867, miaka 14 tu kabla, na Bliss hakuwa peke yake katika kupuuza. Wakati fulani nilitamani tuelezwe zaidi kwa nini kizazi kizima cha madaktari wenye akili kilikataa kunawa mikono, badala ya kuelezwa tena na tena kwamba mmoja wao alikuwa na kiburi.

Purvis naye anastahili zaidi. Daktari mweusi, mwaka 1881, anamwambia daktari mweupe maarufu aache anachomfanyia Rais wa nchi, mbele ya mawaziri. Kisha kitabu kinaendelea na Bell, na Purvis anatoweka karibu kabisa. Bell kapewa kurasa nyingi kupita mchango wake, pengine kwa sababu aliacha barua nyingi. Ningebadilisha sura moja ya nyaya na betri kwa kurasa kumi za Purvis.

Kwa upande wa siasa za baadaye, kitabu kina zawadi moja isiyotarajiwa: Chester Arthur, makamu aliyerithi urais, mtu wa mfumo uleule wa kugawiana vyeo, aliyeogopwa na nchi nzima. Mwanamke mmoja mgonjwa wa New York, Julia Sand, ambaye hawakuwa wakifahamiana, alianza kumwandikia barua za kumkanya na kumtia moyo, na Arthur akazihifadhi. Januari 1883 Arthur huyohuyo alitia saini Sheria ya Pendleton, iliyoanza kuondoa ajira za serikali mikononi mwa wapiga debe na kuziweka kwenye mitihani.

Kiingereza cha Millard ni chepesi na sentensi zake ni fupi. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyezoea kusoma atakimudu. Ana mazoea ya kuikata sura mahali patamu na kukuhamishia kwa mtu mwingine, mbinu ambayo kufikia theluthi ya mwisho inaanza kuchosha, ingawa sikuweza kuacha. Wanaotafuta uchambuzi mzito wa vyama vya Marekani katika karne ya 19 watafute kwingine. Walimu wa historia, wanafunzi wa uuguzi na udaktari, na yeyote aliyewahi kukaa pembeni mwa kitanda cha mgonjwa akiona jambo linaharibika na hana cheo cha kulisema, hao nawashauri wakisome. Nakala yangu kwa sasa iko kwa wifi, ambaye amefika kwenye sura ya Bell na ananiuliza kila jioni kama anaweza kuiruka.